Kigoma mpaka Guangzhou ni kilomita ngapi na masaa mangapi? Namna ya kupiga hesabu mwenyewe

Wakuu, hili swali limekuwa wimbo. "Kigoma mpaka China ni masaa mangapi?" "London ni kilomita ngapi kutoka Tabora?" "Mbona tiketi inasema ndege inatoka saa 11:30 inafika 17:20, ina maana China kuja Dar ni masaa sita tu?" Mtu anatumiwa tiketi ya PDF kwenye WhatsApp, anakuja kuiprinti steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, alafu karatasi ikishatoka anabaki amesimama nayo mlangoni anaisoma juu chini, juu chini, mwisho anauliza. Na anayefuata kwenye foleni anauliza hilohilo. Kwaiyo naandika mara moja, ukiulizwa na wewe mtumie mwenzio.

Nianze kwa kusema ukweli, kilomita ndo sehemu rahisi kuliko zote. Dakika mbili umemaliza. Watu hawapotezwi na kilomita, wanapotezwa na saa zilizoandikwa kwenye tiketi na muda wa kukaa chini kusubiri, ndo maana hapo kwenye saa ntakaa sana na kwenye kilomita ntapita haraka.

Mfano wangu mkubwa utakuwa Kigoma kwenda Guangzhou maana wafanyabiashara wengi ndo njia yao, ila ukiielewa hiyo utapiga ya Istanbul, Mumbai, Chicago, popote.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye bando kidogo na Google Maps. Kompyuta ikiwepo vizuri, isipokuwepo haina shida.
- Kalkuleta ya kawaida tu, ya kwenye simu inatosha.
- Kalamu na karatasi. Usipige hizi hesabu kichwani, utachanganya tarehe.
- Herufi tatu za kila uwanja. Kigoma ni TKQ, Tabora TBO, Dar ni DAR, Mwanza MWZ, Nairobi NBO, Addis Ababa ADD, Doha DOH, Dubai DXB, Istanbul IST, Mumbai BOM, Guangzhou CAN, London Heathrow LHR.
- Kama tiketi ishakatwa, hiyo tiketi yenyewe, sio picha iliyokatwa nusu. Ile sehemu ya pembeni yenye +1 (yaani unafika kesho yake) ndo watu huwa wanaikata.

Hatua ya 1: Hakikisha uwanja ni ule ule

CAN sio Canada. Ni Guangzhou. Nimeona mzee mzima anabishana na kijana wake hapo hapo kwenye printa kwamba kakatiwa tiketi ya Canada.

Pia kuna miji ina viwanja zaidi ya kimoja. London kuna Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN) na vingine. Istanbul kuna IST na SAW, kimoja kipo upande wa Ulaya kingine upande wa Asia. Shanghai kuna PVG na SHA. Ukiona kwenye tiketi unashukia herufi hizi alafu unaondokea herufi zile ndani ya mji mmoja, ujue katikati hapo kuna safari ya barabarani na lazima uihesabu.

Hatua ya 2: Pima kilomita

Njia ya simu ni hii. Fungua Google Maps, tafuta uwanja wa ndege Kigoma, bonyeza na kushikilia juu ya ile njia ya kurukia mpaka kidoti chekundu kitokee. Vuta maelezo juu, chagua "Pima umbali", simu ikiwa ya Kingereza imeandikwa "Measure distance". Sogeza ramani mpaka kile kiduara cha katikati kikae juu ya uwanja wa pili, alafu soma namba chini. Basi.

Usibonyeze "Maelekezo". Hayo ni ya gari, yatakupeleka barabarani. Na barabara au reli haifanani na anga hata kidogo: reli ya kati Dar mpaka Kigoma ni kama kilomita 1,250, ila kwa ndege Kigoma–Dar ni kama 1,077 tu. Tabora–Dar kwa reli ni 840 hivi, angani ni 730.

Njia ya pili ya uvivu zaidi, ingia gcmap.com uandike TKQ-DAR-CAN, inakuchorea mstari na kukupa jumla. Angalia tu kipimo, inaweza kukupa maili. Maili moja ya kawaida ni kilomita 1.609, maili ya baharini ambayo marubani wanaitumia ni kilomita 1.852. Kwaiyo Dar–Guangzhou unaweza ukaona 8,710 au 5,413 au 4,703 na zote ziko sahihi, kila moja na kipimo chake.

Ukimaliza utapata namba za namna hii (nimezungusha kidogo):

- Kigoma–Dar: km 1,077
- Tabora–Dar: km 730
- Kigoma–Tabora: km 350
- Dar–Guangzhou moja kwa moja: km 8,710
- Dar–Addis km 1,760, alafu Addis–Guangzhou km 8,040
- Dar–Doha km 3,820, alafu Doha–Guangzhou km 6,200
- Dar–London Heathrow: km 7,500

Usipime Kigoma–Guangzhou mstari mmoja ukasema ndo safari yako. Huo mstari upo, ni kama km 9,580, ila hamna ndege inayoruka hivo. Utapita Dar, kwaiyo jumla ni 1,077 + 8,710, yaani 9,790 hivi. Pima kila kipande peke yake kisha jumlisha, kila ndege unayopanda ni kipande.

Neno moja la nadharia alafu tuendelee: dunia ni mviringo, ramani ya ukutani ni bapa, kwaiyo rula kwenye ramani inadanganya, na inadanganya zaidi ukienda kaskazini. Huku kwetu karibu na ikweta unaweza kuzidisha nyuzi (zile digrii za latitudo na longitudo kwenye ramani) kwa 111 ukapata kilomita na ukawa karibu sana na ukweli. Kigoma na Dar zinapishana nyuzi 9.53 mashariki–magharibi na 1.99 kaskazini–kusini, zidisha kila moja kwa 111 kisha fanya ile ya pembetatu ya shule (Pythagoras) unapata km 1,081, umekosea kilomita nne tu. Ila jaribu hivohivo Dar–Chicago, utapata kama 15,100 wakati ukweli ni 13,530. Ndo maana nasema tumia kile kipimo cha simu, kinazunguka na dunia chenyewe.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa masaa ya hewani

Gawanya kilomita kwa spidi, kisha ongeza nusu saa. Hiyo nusu saa ni ya kutembea uwanjani, kupanda na kushuka, maana ndege haitoki chini ikiwa na spidi ya mia tisa.

Spidi za kutumia:

- Ndege ya mapanga kama Q400, hizi tulizozoea kuziona Kigoma na Tabora: weka 600 kwa saa
- Jeti za kati kama Airbus A220 au Boeing 737: weka 830
- Jeti kubwa za masafa marefu kama Boeing 787: weka 900
- Kandege kadogo ka kukodi kama Cessna Caravan: weka 300

Sasa mfano. Kigoma–Dar na Q400: 1,077 gawanya kwa 600 ni 1.8. Hapa ndo kuna kosa la kila mtu, 1.8 sio saa moja na dakika 80, wala sio saa moja na dakika 8. Chukua ile 0.8 uzidishe kwa 60, unapata dakika 48. Saa moja na dakika 48, ongeza nusu saa, ni masaa mawili na dakika 18. Tuseme mawili na robo.

Dar–Guangzhou na 787: 8,710 gawanya 900 ni 9.68, yaani masaa 9 na dakika 41, na nusu saa yake, masaa 10 na dakika 10.

Watu wa Tabora: 730 gawanya 600 ni saa 1 na dakika 13, weka nusu saa, 1:43.

Alafu angalia hii maana ndo inaonyesha nilichosema mwanzo. Ndege ya Kigoma ikipitia Tabora kilomita haziongezeki, 350 + 730 ni 1,080, Tabora ipo karibu kabisa kwenye mstari wa Kigoma–Dar. Ila muda? Kigoma–Tabora 1:05, kukaa chini Tabora watu washuke wapande weka dakika 35, Tabora–Dar 1:43. Jumla 3:23. Kilomita zilezile, saa nzima na ushee imeongezeka. Kwaiyo ukikata tiketi uliza kama inanyoosha au inagusa Tabora, usiangalie namba ya ndege tu, namba inaweza kuwa moja na bado ikatua katikati.

Hatua ya 4: Jua mnapishana masaa mangapi

Tanzania nzima ipo masaa 3 mbele ya saa ya dunia, ile ya UTC. Kigoma na Dar saa ni moja japo jua letu linachelewa kama dakika 38 kuliko la Dar, ndo maana mgeni wa Dar akija huku anashangaa saa kumi na mbili asubuhi bado giza. Jua lisikuhusu kwenye hesabu hii.

Kutoka saa ya Tanzania:

- Istanbul na Doha: hamna tofauti, saa ni hiyohiyo
- Dubai: ongeza 1
- India: ongeza 2 na nusu, ndio, na nusu, usiikate
- China yote: ongeza 5. Nchi ni kubwa ila wanatumia saa moja tu
- Bujumbura na Congo upande wa huku kwetu kama Kalemie na Lubumbashi: punguza 1
- London: punguza 3 kipindi chao cha baridi, punguza 2 kipindi cha joto
- Chicago: punguza 9 baridi, punguza 8 joto

Hiyo ya baridi na joto ni kwamba wenzetu wanasogeza saa. Uingereza na Ulaya wanasogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani wao ni Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi. Kwaiyo ukipiga hesabu ya London mwezi wa pili usiitumie mwezi wa saba.

Hatua ya 5: Soma saa ya tiketi kama ilivyo, sio kama tunavyosema mtaani

Hapa naomba utulie.

Tiketi ina kanuni mbili. Ya kwanza, kila saa iliyoandikwa ni ya mji ule ndege ilipo. Ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, ya kufika ni ya mji unaofika. Ya pili, siku ya tiketi inaanza saa sita usiku, sio asubuhi jua likitoka.

Sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi, tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Kugeuza ni hivi:

- Kuanzia 00 mpaka 06: ongeza 6. Yaani 02:30 ni saa nane na nusu usiku.
- Kuanzia 07 mpaka 18: toa 6. 13:15 ni saa saba na robo mchana.
- Kuanzia 19 mpaka 23: toa 18. 20:00 ni saa mbili usiku.

Sasa hatari yenyewe. Tiketi inasema tarehe 12, 00:30. Hiyo ni saa sita na nusu usiku. Usiku upi? Mtu wa kwetu akisikia "tarehe 12 saa sita usiku" anaelewa kwamba mchana wa tarehe 12 upo, anashinda anaaga ndugu, anakula ugali na migebuka, jioni anaoga, usiku ndo anaenda uwanjani. Ndege ilishaondoka. Ilitakiwa uwe uwanjani tarehe 11 usiku, saa tatu na nusu uwe ushafika. Ukiona 00, 01, 02, 03 au 04 kwenye saa ya kuondoka, chukua kalamu uandike kwa mkono juu ya tiketi: "kwenda uwanjani usiku wa tarehe" na uweke tarehe ya nyuma yake. Mimi nikiprintia mtu tiketi ya namna hiyo namzungushia kabisa na peni nyekundu hata kama hajaniuliza.

Kosa la pili ni kusikia "saa mbili" kwenye simu. Ndugu yako wa Dar akikwambia ndege ni saa mbili, muulize ni 08:00, 14:00 au 20:00. Zote tatu nishasikia zinaitwa saa mbili, hiyo ya 14:00 inasemwa na wale wanaosoma tiketi Kingereza alafu wanatamka Kiswahili. Tumianeni picha ya tiketi, msiambizane kwa mdomo.

Na ile alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika maana yake unafika kesho yake. +2 ni keshokutwa yake. Anayekuja kukupokea mpe tarehe ya kufika, sio ya kuondoka.

Hatua ya 6: Unganisha safari nzima

Andika kila kitu kwa saa ya Tanzania kwanza, mpaka mwisho kabisa, ndo ugeuze. Ukianza kugeuza katikati utapotea. Mfano huu saa nimeweka za kufundishia tu, ratiba angalia ya shirika lako:

1. Kutoka nyumbani Mwanga 08:40, uwanjani 09:00. Masaa mawili kabla ya ndege ya ndani.
2. Ndege inaruka Kigoma 11:00, inatua Dar 13:15.
3. Kusubiri Dar mpaka 18:30. Masaa 5 na robo.
4. Angani masaa 10 na dakika 10. Inatua 04:40 kesho yake, kwa saa ya Tanzania.
5. Ongeza 5: Guangzhou ni 09:40 asubuhi. Kwenye tiketi itaandikwa 09:40 +1.
6. Uhamiaji, mabegi, kutoka nje, weka saa moja na nusu. Upo mtaani 11:10 ya China, ambayo nyumbani ni 06:10.

Jumla kutoka mlangoni 08:40 mpaka 06:10 ya kesho yake ni masaa 21 na nusu. Humo ndani kuruka ni masaa 12 na dakika 25 tu, mengine yote ni kukaa na kupanga foleni. Na kama unatokea Kasulu, Kibondo au Uvinza ongeza basi na usiku wa kulala mjini, hilo hakuna programu ya simu itakayokuhesabia.

Sasa linganisha njia. Kupitia Addis jumla ya anga kutoka Dar ni km 9,800, kupitia Doha ni 10,020, wakati kunyoosha ni 8,710. Kuzunguka Doha umeongeza km 1,310, ambazo kwa jeti ni saa moja na nusu hivi. Ndogo! Kinachoua ni kukaa Doha masaa tisa. Kwaiyo ukipewa tiketi mbili, moja ina kilomita nyingi na kusubiri masaa mawili na nusu, nyingine kilomita chache na kusubiri masaa kumi na nne, ya kwanza inafika mapema zaidi. Bei ni suala lingine, hilo we na mfuko wako.

Hatua ya 7: Pima kama muda wa kuunganisha unatosha

Ndege za Kigoma na Tabora sio daladala ya Ujiji kwamba ukikosa hii inakuja nyingine. Angalia siku zinazoruka wiki hiyo kabla hujakata tiketi ya nje, usikate ya nje kwanza alafu ukaanza kutafuta ya kukufikisha Dar.

Pale Dar uwanja wa Julius Nyerere majengo ni tofauti. Terminal 3 ndo ya kimataifa, ndege za ndani zina jengo lao. Ukishuka na ndege ya ndani unachukua mzigo, unatoka nje, unaenda jengo lingine, unaanza foleni upya. Kama tiketi zako ni mbili tofauti, ya ndani na ya nje kila moja na namba yake, basi mzigo unauchukua mwenyewe na ndege ya Kigoma ikichelewa ya nje haikusubiri na hela inaweza isirudi. Tiketi moja yenye safari zote ndani yake ina afadhali, wakikuchelewesha wenyewe ndo wanatafuta namna.

Mimi naona kwa tiketi mbili tofauti usishuke chini ya masaa matano Dar. Mwenye roho ngumu aweke manne. Wengi wanasafiri kwa kulala Dar siku moja, na kama una mtu wa kukulaza Mbagala au Gongo la Mboto fanya hivo usiwe na presha.

Alafu wale wa dagaa. Najua utabeba, ndugu yako Guangzhou au Chicago kakuomba dagaa wa Kigoma na kidumu cha mawese. Uliza kwanza nchi unayoenda inaruhusu nini, na mawese funga vizuri mara mbili mara tatu, maana kwenye kuhamisha mabegi kizibo kikilegea utaipokea nguo ya safari ikiwa rangi ya chungwa.

Hatua ya 8: Piga hesabu kinyume kwa tiketi ya kurudi

Lile swali la mwanzo. Tiketi: kutoka Guangzhou 11:30, kufika Dar 17:20. Ukitoa unapata 5:50, na ndo watu wanasema "kurudi ni haraka". Sio haraka. Geuza ya kuondoka kuwa saa ya Tanzania: 11:30 toa 5 ni 06:30. Kutoka 06:30 mpaka 17:20 ni masaa 10 na dakika 50. Ni ndefu kuliko ya kwenda, na mara nyingi inakuwa hivo kwa sababu huko juu kaskazini ya tropiki upepo mkali wa angani unavuma kuelekea mashariki. Ukienda China unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni.

Hesabu zikikataa

*Yangu inatoka fupi kuliko ya tiketi kwa dakika ishirini, arobaini.* Kawaida kabisa. Shirika linahesabu kuanzia ndege inapoacha geti mpaka inapofunga breki geti la pili, na wanajiwekea akiba ili wasionekane wamechelewa. Ikizidi saa nzima, angalia vizuri, huenda kuna kituo katikati hujakiona.

*Njia kwenye Flightradar24 (programu ya kuonyesha ndege zinapopita) haifanani na mstari wangu.* Ndege zinafuata njia zao za anga, zinakwepa mvua kubwa, na kuna anga zimefungwa. Vita ya Sudan ilipoanza Aprili 2023 ndege nyingi za kutoka huku kwenda Ulaya ikabidi zizunguke. Mashirika ya Ulaya nayo toka 2022 hayapiti anga ya Urusi, kwaiyo Ulaya kwenda China imekuwa ndefu kwao. Ongeza asilimia tano kwenye kilomita zako, na zaidi kidogo kama mstari wako unakatisha kwenye vita.

*Napata masaa hasi.* Umesahau +1. Ongeza 24.

*Namba yangu na ya rafiki yangu hazifanani, mimi 8,710 yeye 8,690.* Mmoja kapima kutoka uwanjani mwingine katikati ya mji. Kilomita ishirini kwenye safari ya elfu nane haziwapi ugomvi, ni dakika moja na nusu ya ndege.

*Programu moja inasema masaa 21 nyingine 12, safari ileile.* Moja imejumlisha kusubiri, nyingine imehesabu kuruka tu. Soma vizuri, tafuta palipoandikwa jumla.

*Nimepiga vizuri mwezi wa tatu alafu tiketi imebadilika saa moja.* Angalia kama safari yako imevuka ile Jumapili ya kusogeza saa. Na wiki zile kati ya Marekani kusogeza na Ulaya kusogeza, ukipitia London kwenda Chicago tofauti ya hiyo miji miwili inapungua kutoka sita kuwa tano kwa muda.

*Saa ya simu inanidanganya.* Hii ni yetu watu wa mpakani. Ukiwa Manyovu au Kagunga simu ikidaka mtandao wa Burundi inaweza kurudisha saa nyuma saa nzima yenyewe, na we umeweka alamu ya safari. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima ile ya kujiweka yenyewe, chagua Dar es Salaam kwa mkono, na uiache hivo mpaka utue. Ukitua ndo uiwashe tena ichukue saa ya huko.